Barabara Moja, Majina Mawili

Kamati ya utamaduni iliponiomba niandike juu ya mila za usafiri wa wazee wetu, nilijibu palepale: nitaandika juu ya kinga. Nasema kinga kwa sababu njo neno letu huku. Wenzetu wa Tanzania wanasema baiskeli. Muzee mmoja wa shirika letu, ambaye namheshimu sana, akanikatiza: "Mwalimu, kinga si mila. Kinga ilikuja na Muzungu. Andika juu ya mutumbwi wa Idjwi."

Sikubishana naye mbele ya watu. Lakini nimebishana naye kichwani tangu siku ile, na leo nitamaliza. Sombe tunayokula inatoka katika muhogo, na muhogo ulivuka bahari kutoka Amerika ya Kusini. Mahindi vilevile, na maharagwe. Sambaza zenyewe ziliwekwa katika Ziwa Kivu mwaka 1959, zikitolewa Tanganyika. Wazazi wa muzee wangu huyo walizaliwa ziwa halina hata sambaza moja. Nani Bukavu atasema sambaza si chakula chetu? Kitu ambacho baba yangu alikifanyia kazi miaka karibu 20, akakirekebisha kwa vipande vya mipira ya gari, akakiosha kila Jumamosi jioni kama mtu anavyoosha ng'ombe, mimi nakiita mila.

Wanafunzi wangu ndio walionipa wazo hili. Mimi nafundisha jiografia. Mwaka mmoja, mwezi wa saba, tulimaliza masahihisho nikapita katika kantini moja ya Nyawera kunywa chai. Televisheni ilikuwa inaonyesha Tour de France, na bahati kuranti haikukatika. Ndege ya helikopta inapita juu ya mashamba, kanisa la mawe, kijiji, ng'ombe weupe, kisha mlima, na barabara inauzunguka kama kamba. Vijana wawili wa darasa langu la tano walikuwa wamesimama mlangoni. Mmoja akaniuliza: "Mwalimu, huku kwetu hakuna barabara za namna hii, za kupanda milima?"

Alikuwa amesimama Bukavu anapouliza hivyo! Maji ya Ziwa Kivu yako mita 1,460 juu ya bahari. Mlima wa kwanza mkubwa ambao mbio za Ufaransa ziliupanda, mwaka 1905, miaka miwili tu baada ya mbio hizo kuanzishwa, ni Ballon d'Alsace, na kilele chake hakifikii mita 1,250. Maana yake, mwanamke anayefua nguo kandokando ya ziwa, pale Muhumba, anafua juu zaidi ya kilele kile. Mwaka 1910 wakapanda Tourmalet, mita 2,115, barabara ikiwa mawe na matope, na Octave Lapize, aliyeshinda mwaka ule, kuna mahali alishuka akasukuma kwa mguu. Nilipowaeleza vijana jambo hilo walicheka, kwa sababu kusukuma kinga kwenye kilima wanakujua tangu wadogo. Hawakujua tu kwamba inaweza kuitwa jiografia.

Basi niwaeleze barabara ninazozijua kwa miguu yangu. Nitaanza na ile ya kwetu, inayotoka Bukavu kwenda Mudaka, Miti, Kavumu, Katana, na mbele Kalehe hadi Goma.

Kwetu ni upande wa Mudaka, katika teritwari ya Kabare. Baba yangu alikuwa na kinga ya Phoenix, nyeusi, ya Kichina, yenye chuma nyuma pa kubebea mizigo. Mara tatu kwa juma aliondoka saa kumi za usiku na kasiksi, bido nne za litre 20, mbili kila upande, au mikungu ya ndizi ikipangwa hadi mtu anayetazama kwa nyuma haoni kichwa cha mwendeshaji. Kushuka alikaa juu ya kinga. Kupanda alitembea kando yake, mkono mmoja kwenye gidoni na bega limesukumizwa kwenye mzigo. Freni za kinga ya mizigo hazitoshi, kwa hiyo alikuwa na kipande cha pira ya gari chini ya kiatu, na kisigino chake ndicho kilikuwa freni ya tatu.

Baba alikuwa na majina yake ya barabara, na wenzake wa kinga waliyajua. Kuna mahali walipaita Usipige Pedali, kwa sababu mteremko unakuchukua wenyewe. Kuna Kwa Maji, penye chemchemi ya kupoza freni na kunawa uso. Kuna Tusaidiane, kilima ambacho hakuna mwanaume aliyekipanda peke yake na mzigo mzima; wa kwanza kufika chini alingojea wa pili, wakasukuma kinga moja, wakarudi kuchukua nyingine. Hapo ndipo walipeana habari za bei, za magonjwa na za wachumba. Mtoto akisikiliza majina hayo aliona barabara yote, kana kwamba anaiendesha.

Mama yangu alipita barabara hiyohiyo. Yeye alikwenda kwa mguu, mzigo mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, kama mnavyowaona akina mama wa Bukavu hata leo. Ilikuwa inafika kilo 50, wakati mwingine zaidi, na mtoto mbele juu ya kifua. Kinga ilikuwa ya mwanaume. Nilipokuwa na miaka 13 mgongo wa mama uliumwa, na mzigo wake ukaja kwangu, wakati mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka 11, alipewa kinga ya baba ajifunze. Nilipouliza kwa nini, shangazi alinijibu: "Mutoto mwanamuke akipanda kinga, atazala namna gani?" Sikupata mtu wa kunieleza uhusiano wa mambo haya mawili, na mpaka leo, na diploma yangu ya ISP, sijaupata.

Jambo nililolielewa nikiwa mkubwa ni kwamba mama naye alikuwa na majina yake, na hayakufanana hata moja na yale ya baba. Mwanamke aliyebeba mgongoni hahitaji mteremko wala maji kwanza. Anahitaji mahali penye kimo cha kiuno: ukingo wa udongo, jiwe, ukuta mfupi, mzizi mkubwa wa mkaratusi. Hapo anageuka, anaegemeza mzigo bila kuufungua, anapumua, kisha anasimama nao tena bila kuita mtu. Mahali palipo chini sana hapafai; ukishusha mzigo hapo utangoja mpita njia akutwike, na saa kumi za usiku ni nani atapita? Kwa hiyo akina mama walijua kila jiwe lenye kimo hicho kutoka Mudaka hadi mjini. La kwanza waliliita Shikamoo, kwa sababu unaliinamia. Kulikuwa na Ukuta wa Padiri, na Mzizi, na pengine waliita Mwongo, ukingo uliokuwa unaonekana mzuri kwa mbali lakini udongo wake unaporomoka. Baba alikuwa amepita mbele ya Mwongo mara elfu, hakujua kama kuna kitu pale.

Mwezi wa kumi 1996, vita vilipofika Bukavu, tulikimbia kama wengine. Njiani watu wenye silaha walichukua kinga ya baba. Sitaandika mengi juu ya siku zile. Tuliporudi, hakuwa na pesa ya kununua nyingine, na mgongo wa mama haukuwa mgongo tena. Baba akaanza kubeba. Mwanaume wa Kishi, mwenye miaka 50 karibu, na kamba kwenye paji la uso! Watu walimcheka sokoni. Siku za kwanza alirudi usiku sana, na mama alikuwa anamwuliza: "Ulipumzikia wapi?" Yeye anataja mahali, mama anatikisa kichwa: "Hapana, hapo utavunjika. Pita kidogo, kuna Mzizi." Jioni baada ya jioni, mama alimfundisha baba barabara ambayo baba alidhani anaijua.

Mimi nilimaliza ISP mwaka 2004, nikapata kazi katika shule moja ya upande wa Katana, kilometa 14 kutoka nyumbani. Kwa mshahara na primu ya wazazi, kulipa gari kila siku ilikuwa kama kufanya kazi kwa ajili ya dereva. Nikanunua kinga ya mwalimu mwenzangu, kwa awamu tatu. Nilijifunza nyuma ya nyumba, jioni, nikaanguka kwenye migomba ya jirani, nikaanza safari siku ya Jumatatu na pagne niliyoifunga juu ya suruali ya mdogo wangu. Wengine walipiga makofi, wengine walitukana. Watoto walikimbia nyuma wakiimba. Baba hakusema kitu. Lakini asubuhi ya Jumanne nilikuta mapira yamejazwa upepo na sheni imetiwa mafuta, na chini ya kiti kuna kipande cha pira ya gari kilichokatwa kwa kipimo cha kiatu changu.

Miaka sita nilipita barabara ile, na nasema bila kusita kwamba ni kati ya barabara nzuri za dunia. Ukitoka Mudaka asubuhi ziwa linaonekana upande wa kuume, kisiwa cha Idjwi kimelala katika ukungu, na milima ya Rwanda nyuma yake inabadilika rangi mara tatu kabla ya saa moja. Upande wa kushoto unaona Kahuzi, mita 3,308, kichwa chake ndani ya mawingu. Unapita Miti, unapita Kavumu na uwanja wake wa ndege, kilometa kama 30 kutoka mjini, kisha mashamba ya kinini na mikaratusi. Ukipanda kidogo kushoto unafika Lwiro, penye majengo ya utafiti ya IRSAC, iliyoanzishwa mwaka 1947. Leo ni kituo cha CRSN, na tangu 2002 sokwe yatima waliookolewa kwa wawindaji wanalelewa huko. Nilipeleka wanafunzi, wakashangaa zaidi kuona maktaba. Mbele kuna hospitali ya FOMULAC ya Katana. Mwendesha kinga anavijua vyote hivi kwa harufu pia: ukungu, moshi wa matofali, kasiksi inayochacha, sambaza juani.

Barabara ya pili inaanzia Miti na kupanda Tshivanga, mlango wa Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Hifadhi hii iliundwa mwaka 1970, UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia mwaka 1980, na tangu 1997 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Niliipanda mara moja tu na walimu wawili, mwaka 2011. Unaanza kati ya mashamba ya chai, majani yamekatwa sawasawa kama nywele za mwanajeshi, halafu hewa inapoa, mazungumzo yanakatika yenyewe, na ukitazama nyuma ziwa limekuwa sahani. Tshivanga iko juu ya mita 2,000. Mont Ventoux, ambayo Wafaransa wanaiogopa na kuiandikia vitabu, ni 1,909. Kweli, wao huanzia chini sana, nasi tunaanzia juu, kwa hiyo nisijisifu kupita kiasi. Mimi nilisukuma zaidi ya nusu. Gorila sikuona. Niliona vijana wanashuka kwa kinga zilizojaa magunia ya makala, kasi ya kutisha, mguu mmoja chini kama baba. Makala yanatoka wapi, kila mtu anajua, na msitu unalia. Lakini nilishindwa kuwachukia.

Ya tatu ni ile ya kusini, kupitia Panzi na Nyangezi, hadi Kamanyola. Nyangezi ni kilometa kama 25 hivi, na baada yake kuna Ngomo. Wenye kuijua Ngomo hawahitaji maelezo, na wasioijua hawataamini. Mlima unakatika ghafla, barabara inaning'inia ubavuni, na chini kabisa unaona uwanda wa Ruzizi, bapa, wa joto, mto ukimeremeta, Burundi ng'ambo. Kwa mwalimu wa jiografia hapo ni ubao mweusi: Ziwa Kivu liko mita 1,460, Tanganyika iko chini kwake kwa mita karibu 700, na Ruzizi inateremka tofauti hiyo yote. Unaweza kueleza Bonde la Ufa mwaka mzima darasani, mtoto asielewe. Mpeleke Ngomo, utanyamaza. Magari mengi ya Uvira yalikuwa yanaikwepa, yanavuka kwa Ruzizi ya Kwanza na kupita Bugarama, kwenye lami ya Rwanda. Sisi tulishuka na kinga mwaka 2009. Freni ya mwenzangu ilitoa moshi. Tulisimama mara tisa kupoza vyuma na mioyo. Kurudi tulipanda lori, na yule asemaye amepanda Ngomo akikaa juu ya kinga, namwomba aje shirikani tumtazame.

Hizo ndizo barabara. Sasa niseme hali yake. Kazi ya kinga ya mizigo imepungua sana, piki-piki zimeichukua. Piki-piki inapita Tusaidiane bila kujua kama ni kilima. Dereva wake hana sababu ya kusimama Kwa Maji. Na Februari 2025, AFC/M23 walipouchukua uwanja wa Kavumu na siku mbili baadaye Bukavu, barabara zilipata majina mengine, ya bariera na ya mahali pa kutopita. Mimi niliifunga kinga yangu juu ya dari miezi mingi.

Mwezi wa tisa mwaka uleule, ubingwa wa dunia wa mbio za kinga za barabarani ulifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Kusema hivyo Bukavu si rahisi, na kila msomaji ana moyo wake. Mimi pia nilikuwa na wangu. Lakini vijana walinitumia picha kwa simu na sikuzikataa. Wanaume walikwenda kilometa 267.5, kupanda na kushuka vilima kama vyetu kabisa, na kati ya zaidi ya 160 walioanza ni 30 tu waliomaliza. Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Wanaume hao wanaopanda Alpes kila mwaka walishuka katika kinga zao, wamechoka kabisa, kwa vilima vyetu vya mikaratusi na udongo mwekundu. Nilimkumbuka yule kijana wa kantini.

Mbio za wanawake zilikuwa siku moja kabla. Mshindi alikuwa Magdeleine Vallieres wa Kanada. Niliipeleka simu kwa mama, Mudaka, nikamwonyesha. Mama ana miaka zaidi ya 70, macho hayaoni vizuri. Alishika simu karibu na uso, akatazama mwanamke yule anapanda kilima, akatazama tena. Nilidhani ataniuliza juu ya nguo zake. Akauliza: "Huyu, anapumuzikia wapi?"

Nilimwambia hapumziki. Akarudisha simu. "Na muzigo wake nani amebeba?" Kuna gari nyuma, mama. Akacheka sana, baba pia akacheka huko alikokuwa amelala.

Tangu siku ile nimeanza kuandika. Nina daftari lenye safu mbili, kutoka Mudaka hadi mjini: upande mmoja majina ya baba, upande mwingine majina ya mama. Upande wa mama una majina 23, wa baba 14. Mahali pamoja tu wanakutana, chini ya Tusaidiane, kwa sababu kuna ukingo mzuri pale, na wanaume waliokuwa wanangojeana walikuwa wanawatwika akina mama waliopita. Baba anasema ndipo alipomwona mama mara ya kwanza. Mama anasema si kweli, ilikuwa sokoni.

Daftari liko kwa katibu wa shirika. Barabara ya Walungu sina hata jina moja, na ile ya Nyangezi nina manne, yote ya wanaume. Mwenye mama, shangazi au nyanya aliyebeba huko, amwulize juma hili, aandike kwenye karatasi hata bila mpangilio, aniletee. Yule muzee wa mutumbwi ameshaleta mawili.